Shufwa na Witiri

Nambari nzima yoyote ikigawanywa kwa mbili hutoa moja kati ya majibu mawili: ama haibaki kitu, ama inabaki moja. Isiyobakisha kitu, kama 2, 14 na 58, ni shufwa. Inayobakisha moja, kama 1, 7 na 91, ni witiri. Hakuna kundi la tatu, wala hakuna nambari inayoweza kukaa katika makundi yote mawili. Watoto hufunzwa jambo hili mapema mno, kisha wengi hulisahau kana kwamba kazi yake imekwisha. Kumbe ni elimu yenye nguvu kubwa kuliko umbo lake, kwa kuwa humwezesha mtu kusema neno la hakika kuhusu jumla ambayo hajaikokotoa, na hata kuhusu safari ambayo hakuishuhudia.

Sifuri huwatatiza watu wazima zaidi ya watoto. Sifuri ikigawanywa kwa mbili jibu ni sifuri na hakuna kilichobaki, basi ni shufwa. Mpangilio wa nambari wenyewe unathibitisha: shufwa na witiri hupishana moja moja, na sifuri imekaa kati ya 1 na −1, ambazo zote ni witiri. Nambari hasi hazibadilishi chochote. −6 ni shufwa kama 6, na −15 ni witiri kama 15.

Ili kutambua aina ya nambari kubwa, inatosha kutazama tarakimu ya mwisho. Nambari 4,683 ni makumi 468 na mamoja 3. Kumi moja ni shufwa, hivyo makumi 468 hugawanyika kwa mbili bila shida yoyote, na swali zima linabaki juu ya ile 3. Kanuni hii inatokana na desturi ya kuhesabu kwa makumi, na haifai kila mahali. Muuza mahindi katika soko la Nangina, kusini mwa mji wa Busia, akihesabu gorogoro kwa kuchora mistari minne na wa tano wa kuikata, anahesabu kwa mafungu ya tano, na tano ni witiri. Hapo kutazama mistari iliyobaki peke yake kunapotosha. Mafungu matatu na mstari mmoja ni 16, ambayo ni shufwa, ingawa mstari uliobaki ni mmoja. Njia sahihi ni kujumlisha idadi ya mafungu na mistari iliyobaki: 3 na 1 ni 4, nayo ni shufwa.

Katika kujumlisha, shufwa na shufwa huzaa shufwa, shufwa na witiri huzaa witiri, na witiri na witiri huzaa shufwa. Hii ya tatu ndiyo inayohitaji maelezo. Wanafunzi wa darasa moja wakipangwa wawili wawili akabaki mmoja, na wa darasa la pili vivyo hivyo akabaki mmoja, madarasa yakiunganishwa wale wawili waliobaki hushikana mikono na hakuna anayesimama peke yake. Kwa hiyo, katika jumla yenye nambari nyingi, zile za shufwa zinaweza kuachwa kabisa. Kinachohesabiwa ni idadi ya nambari za witiri zilizomo. Idadi hiyo ikiwa shufwa, jumla ni shufwa. Ikiwa witiri, jumla ni witiri.

Mfano wa kale unaoonyesha kanuni hii umetoka mashariki mwa Kongo. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo huko Ishango, pale Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mfupa huo unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi na umehifadhiwa Brussels. Umekatwa alama zilizopangwa katika safu tatu. Kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, safu moja ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Zote nane ni witiri. Safu ya tatu imechanganya: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Wataalamu wamebishana kwa miongo mingi kama aliyezikata alikuwa akihesabu siku za mwezi, akicheza na nambari au akitaka tu mpini usioteleza mkononi. Hilo halizuii kuzitazama kihesabu. Safu mbili za kwanza zina witiri nne kila moja, basi lazima jumla zake ziwe shufwa, na kweli kila moja inafika 60. Katika safu ya tatu witiri ni 3, 5, 5 na 7, nne tena, na jumla ni 48. Yeyote anayejumlisha safu moja na kupata 59 anajua amekosea kabla hata hajarudia.

Mpaka wa Kenya na Uganda ni mahali pazuri pa kuiona kanuni hiyo hiyo ikifanya kazi bila karatasi. Huko Malaba mpaka ni mto, na barabara kuu inaupita kwa daraja. Mtu akianza upande wa Kenya, kuvuka mara moja kunampeleka Uganda, mara ya pili kunamrudisha, ya tatu kunampeleka tena. Baada ya kuvuka mara witiri yuko ng'ambo. Baada ya mara shufwa yuko Kenya. Biashara ya boda boda ilizaliwa katika mpaka huu miaka ya 1960, waendesha baiskeli wakipeleka abiria kutoka kituo kimoja cha mpakani hadi kingine. Mwendeshaji wa leo wa pikipiki akiulizwa jioni amevuka mara ngapi anaweza kuwa hakumbuki idadi. Lakini ikiwa aliamkia Kenya na sasa yuko kwake Kenya, idadi hiyo ni shufwa, hata kama alivuka mara mbili au mara arobaini, na haidhuru alipita njia gani.

Neno hilo la njia gani ndilo lenye uzito. Si watu wote wanaopita darajani. Ziko njia za panya. Tuseme mtu amehesabiwa kila alipopita darajani, ikawa mara tano siku moja, kisha akalala kwake upande wa Kenya alikoamkia. Jumla ya kuvuka kwake lazima iwe shufwa. Tano ni witiri, na shufwa haipatikani bila kuongezewa witiri nyingine. Basi mtu huyo amevuka mahali pengine, angalau mara moja, na kwa vyovyote mara witiri. Hakuna aliyemwona huko, lakini hesabu imeshasema. Ni vigumu kutaja kanuni nyingine ya darasa la chini inayotoa ushahidi mzito kiasi hiki kwa gharama ndogo kiasi hiki.

Fedha za nchi hizi mbili nazo zinatofautiana kwa namna ambayo wengi wa wanaobadilisha pesa mpakani hawajawahi kuhitaji kuitamka. Sarafu zilizotolewa na Benki Kuu ya Kenya mwezi Desemba 2018 ni za shilingi 1, 5, 10 na 20, na noti za mwaka 2019 ni za 50, 100, 200, 500 na 1,000. Katika orodha hiyo yote, witiri ni mbili tu, 1 na 5. Ile sarafu ya 40 iliyotolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka arobaini ya uhuru ni shufwa pia. Kwa hiyo bei ya witiri, tuseme shilingi 85, haiwezi kulipwa taslimu bila sarafu ya 1 au ya 5 kubadili mikono. Mnunuzi akitoa noti ya 100, muuzaji hurudisha 10 na 5, na hiyo 5 ndiyo witiri iliyotakiwa. Mwenye duka aliyebaki na sarafu za 10 na 20 pekee hawezi kuirudisha chenji hiyo, hata azipange kwa mtindo gani. Si suala la kukosa bahati au kukosa bidii ya kutafuta: jumla ya shufwa haiwezi kuwa witiri.

Upande wa Uganda, fedha zinazozunguka sokoni ni sarafu za 50, 100, 200, 500 na 1,000, pamoja na noti za kuanzia 1,000 hadi 50,000. Zote ni shufwa. Hivyo hakuna malipo ya taslimu ya witiri katika soko lote la Busia ya Uganda, na hayatakuwapo mpaka sarafu ndogo zirudi mikononi mwa watu. Swali la shufwa na witiri halijafa huko. Limepanda ngazi tu. Kiasi cha chini kikichukuliwa kuwa 50, basi 50 inahesabiwa kama 1, 100 kama 2, 200 kama 4, 500 kama 10, na witiri pekee inabaki sarafu ya 50. Bei ya 1,350 ni 27 kwa kipimo hicho, na haiwezi kulipwa kamili bila sarafu ya 50 kutolewa au kurudishwa. Malipo ya simu hayana kikwazo hiki, kwa kuwa hakuna sarafu inayotoka mfukoni.

Kanuni ya kujumlisha hufaa pia kukagua daftari. Mauzo yaliyoandikwa 245, 130, 75, 360, 90 na 115 yana witiri tatu: 245, 75 na 115. Tatu ni witiri, basi jumla lazima iwe witiri. Aliyeandika 1,010 amekosea, na jibu sahihi ni 1,015. Ukaguzi huu hauhitaji kalamu, ila una mipaka yake. Aliyeandika 1,035 amekosea kwa 20, ambayo ni shufwa, na kosa lake linapita bila kuguswa. Kosa la kubadilisha nafasi za tarakimu mbili za mwisho, ambalo ndilo linalowasumbua zaidi waandishi wa madaftari, hukamatwa mara nyingine na mara nyingine halikamatwi. Aliyenakili 45 kama 54 atagunduliwa, kwa sababu witiri imegeuka shufwa. Aliyenakili 46 kama 64 hatagunduliwa. Tofauti inayoletwa na kosa hilo daima ni mara tisa ya tofauti ya tarakimu zenyewe, na tisa ni witiri, kwa hiyo kila kitu kinategemea kama tarakimu hizo mbili zimepishana kwa witiri au kwa shufwa.

Kutoa hufuata kanuni zile zile za kujumlisha, bila badiliko lolote. Kwa lugha nyingine, jumla ya nambari mbili na tofauti yake ni za aina moja siku zote, kwa sababu jumla ni tofauti iliyoongezewa nambari ndogo mara mbili. Katika uchaguzi wa urais wa Kenya wa Agosti 2022, William Ruto alitangazwa kuwa na kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Jumla ya kura za wawili hao ni 14,119,071, nayo ni witiri. Tofauti ni 233,211, witiri pia. Isingewezekana vinginevyo. Gazeti ambalo lingechapa jumla hiyo kisha likaandika tofauti inayoishia kwa 0 au 2 lingejulikana kuwa limekosea na msomaji asiyejua kura za mgombea yeyote.

Wachezaji wa bao wa Pwani wana mfano mwingine. Bao la Kiswahili lina kete 64. Zikihesabiwa zote, zilizo mashimoni na zilizo mkononi, kila kete iko upande wa mchezaji mmoja au wa mwingine, na kwa kuwa 64 ni shufwa, tofauti kati ya pande mbili haiwezi kamwe kuwa witiri. Mmoja akiwa na 37 mwenzake ana 27, na amemzidi kwa 10. Kumzidi kwa 9 au 11 hakupo katika mchezo huo.

Kuzidisha kuna tabia tofauti, na hakuna usawa wa makundi mawili. Zao huwa witiri pale tu nambari zote zinazozidishwa ni witiri. Shufwa moja ikiingia, hata katikati ya witiri mia, zao lote ni shufwa, kwa kuwa ile mbili iliyomo ndani yake haina pa kutokea. Atakayerusha dadu mbili na kujumlisha atapata shufwa katika matokeo 18 kati ya 36, nusu kamili. Akizidisha badala ya kujumlisha, atapata shufwa katika 27 kati ya 36, maana witiri zinapatikana tu pale dadu zote mbili zimeonyesha 1, 3 au 5.

Kreti ya soda nchini Kenya hubeba chupa 24. Muuzaji wa jumla akinunua idadi yoyote ya kreti, zikiwa zimejaa, idadi ya chupa itakuwa shufwa. Kreti ya bia kubwa hubeba 25, tano kwa tano, na hapo idadi ya chupa hufuata idadi ya kreti: kreti saba zina chupa witiri, kreti nane zina chupa shufwa. Msafiri anayetumia pasipoti anafanana na kreti ya soda: kila kuvuka mpaka kunaleta mihuri miwili, wa kutoka na wa kuingia, hivyo mihuri ya safari zilizokamilika ni shufwa hata kama safari zenyewe ni witiri. Mihuri ya witiri ni dalili kwamba kuna dirisha lililorukwa.

Kreti ya bia inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Ikianzwa na chupa moja kwenye kona, chupa zinazoizunguka pande mbili ili kupata mraba wa mbili kwa mbili ni tatu. Za kuukuza mraba huo hadi tatu kwa tatu ni tano, kisha saba, kisha tisa, na kreti imejaa. Yaani 1 + 3 + 5 + 7 + 9 = 25. Hakuna sababu ya kusimama hapo: witiri za kwanza kumi zikijumlishwa hutoa 100, na za kwanza mia hutoa 10,000. Kila safari zao la idadi kwa idadi yenyewe hupatikana, kwa sababu kila pembe mpya inaongeza chupa moja kila upande kuliko pembe iliyotangulia, na hivyo inaizidi kwa mbili.

Miraba ya witiri ina siri nyingine ndani yake. Nambari 9, 25, 49 na 81 zote ni witiri, jambo linalotarajiwa, lakini pia kila moja ikigawanywa kwa nane hubakisha moja: 25 ni nane mara tatu na moja, 49 ni nane mara sita na moja. Witiri yoyote ni shufwa iliyoongezewa moja, yaani nusu ya shufwa hiyo mara mbili na moja juu. Ikizidishwa kwa yenyewe, moja ikiwekwa kando, kinachobaki ni nne mara ile nusu mara nambari inayoifuata nusu hiyo. Kati ya nambari mbili zinazofuatana moja lazima iwe shufwa, kwa hiyo nne inapata mbili nyingine na kuwa nane. Kwa 7, nusu ni 3, inayofuata ni 4, na 4 × 3 × 4 ni 48, pungufu ya 49 kwa moja.

Kwa kuwa shufwa yoyote inayozidi 2 ina mbili ndani yake, nambari tasa iliyo shufwa ni 2 peke yake; tasa nyingine zote ni witiri. Ukichukua tasa mbili za witiri na kuzijumlisha lazima upate shufwa. Kugeuza sentensi hiyo ndiko kuliko kugumu. Mwaka 1742 Christian Goldbach aliandikiana na Leonhard Euler kuhusu jambo ambalo leo husemwa hivi: kila shufwa inayozidi 2 ni jumla ya tasa mbili. Kwa mfano 28 ni 11 na 17, na 60 ni 29 na 31. Kompyuta zimekagua shufwa zote hadi kufikia nambari yenye tarakimu 19 bila kukuta inayokataa, na bado hakuna uthibitisho. Upande wa witiri kazi ilikwenda mbele zaidi: mwaka 2013 Harald Helfgott alitoa uthibitisho kwamba kila witiri inayozidi 5 ni jumla ya tasa tatu.

Kugawanya ndiko kunakovunja utaratibu. Witiri haigawanyiki kamili kwa shufwa, hata siku moja. Witiri kwa witiri, ikigawanyika kamili, hutoa witiri, na shufwa kwa witiri hutoa shufwa. Zote mbili ni kanuni za kuzidisha zilizosomwa kinyumenyume. Lakini shufwa kwa shufwa haina ahadi: 24 kwa 4 ni 6, 24 kwa 8 ni 3, na 24 kwa 16 haitoi nambari nzima. Kinachoamua ni mbili ngapi zimejificha ndani ya kila nambari. Ndani ya 24 zimo tatu, kwa kuwa inakatwa nusu kuwa 12, kisha 6, kisha 3, na hapo witiri inazuia. Kila nambari nzima inayozidi sifuri huvuliwa mbili zake namna hiyo mpaka ifike kwenye witiri, na witiri hiyo ni moja tu.

Kukata nusu huku ndiko msingi wa njia ya kuzidisha ambayo vitabu vingi huiita ya Kiethiopia, na ambayo ni ndugu wa karibu wa ile waliyoitumia waandishi wa Misri ya kale katika mafunjo ya Ahmes ya karne ya 16 kabla ya Kristo. Anayeitumia hahitaji kujua jedwali la kuzidisha. Anahitaji kukata nusu, kuongeza maradufu na kutambua witiri. Tuseme bidhaa 13 kwa shilingi 45 kila moja. Upande mmoja 13 inakatwa nusu, na baki likitokea linatupwa: 13, 6, 3, 1. Upande wa pili 45 inaongezwa maradufu: 45, 90, 180, 360. Kisha mstari wenye shufwa upande wa kushoto unafutwa, nao ni ule wa 6 na 90. Iliyobaki upande wa kulia, 45, 180 na 360, hujumlishwa kuwa 585, ambalo ndilo jibu.

Sababu iko katika lile baki lililotupwa. Mafungu sita ya 90 ni sawa kabisa na mafungu matatu ya 180, hivyo kukata shufwa nusu hakupotezi kitu na mstari wake unaweza kufutwa. Lakini 13 ikikatwa kuwa 6, fungu moja la 45 limeachwa nje, na 3 ikikatwa kuwa 1, fungu moja la 180 limeachwa nje. Mistari ya witiri ndiyo inayotunza mafungu hayo hadi mwisho, pamoja na lile la 360 lililobaki peke yake. Kompyuta huandika nambari kwa mpango huo huo: kila hatua ikiwa witiri ni 1, ikiwa shufwa ni 0. Kwa 13 hatua hizo ni witiri, shufwa, witiri, witiri, nazo zikiandikwa kutoka kulia kwenda kushoto hutoa 1101, yaani 8, 4 na 1. Katika maandishi hayo tarakimu ya mwisho ndiyo baki lenyewe la kugawanya kwa mbili, 0 kwa shufwa na 1 kwa witiri.